Kura ya Aliyekuwa Nje

Wametusimulia waliotutangulia kwamba Jumatatu ya kwanza ya Kwaresima, saa tatu kamili asubuhi, katika karne ya kumi na saba, mja mwema aitwaye Thomasin alisimama kwenye ukumbi wa nje wa Bunge la Waingereza, ombi lake mkononi. Mumewe, Obadia, alikuwa kifungoni kwa kuhubiri ghalani bila kibali. Hakimu alimwambia, "Ahidi tu kwamba hutahubiri tena, uende zako." Obadia akajibu kwamba hawezi kuahidi jambo asilokusudia kulitimiza. Sasa homa ya gerezani ilikuwa imemshika, na Thomasin hakujua mumewe angeishi siku ngapi zaidi.

Kaka yake Thomasin, Gervase, alikuwa mbunge. Ndiye aliyetoa hoja kwamba ombi lile la kumfungua Obadia lisomwe siku hiyo hiyo.

Bunge lilikuwa na desturi yake ya kupiga kura. Waliokubali hoja walitoka hadi ukumbi wa nje, kisha wakahesabiwa wakirudi ndani. Waliokataa walibaki wameketi, wakahesabiwa kwanza.

"Usishangae wakitoka wachache," bawabu alimwambia Thomasin. "Humo ndani viti havitoshi, Mama. Wapo wanaokataa kila jambo, mradi mtu asije akawakalia mahali pao."

Thomasin alitabasamu. Majadiliano yalirefuka. Gervase, akijua dada yake hajatia kitu kinywani tangu jana, alichomoka kumletea mkate. Alikuwa bado akimmegea, mlango ulipofunguliwa, na waliokubali wakamiminika nje. Kumbe Spika alikwisha kuuliza swali la kura: nani anakubali, nani anakataa. Gervase akapangusa makombo, akajiunga nao mwisho wa mstari.

Aliyekuwa akihesabu mlangoni ni Bwana Crouch, mpinzani mkubwa wa hoja. Wote walipokwisha kupita, akamzuia Gervase kwa fimbo yake.

"Ulimsikia Spika akiuliza swali? Asiyelisikia kwa masikio yake hana kura."

"Ingia, Gervase," mwenzake akanong'ona kutoka ndani. "Ukiingia wewe, tumeshinda."

Gervase alimtazama dada yake. Bawabu akatazama dari. Hakuna aliyemuuliza Thomasin neno. Kunyamaza tu kungemtosha. Akamfikiria Obadia akitetemeka juu ya majani makavu, moyo ukamwuma. Kisha akamcha Mola wake.

"Hakulisikia, Bwana," alisema. "Alikuwa hapa nami, akinimegea mkate."

Fimbo haikuondolewa. Kura zikalingana, na Spika akatia yake upande wa waliokaa. Ombi halikusomwa.

Bunge lilipoahirishwa, Bwana Crouch alimwendea Thomasin. "Mbona hukunyamaza, Mama?"

"Bwana, humjui Obadia. Angefunguliwa, angeniuliza ametokaje, nami ningemwambia, naye angerudi gerezani kwa miguu yake. Ningekuwa nimewasumbua watu bure."

"Leo nimemwita mumeo mlaghai mbele ya Bunge zima," akasema Bwana Crouch. "Kesho niletee ombi hilo. Nitaomba mimi mwenyewe lisomwe."

Enyi waumini, tuna haki ya kujivunia watu wa namna hii. Kusema kweli siku isiyotugharimu kitu ni adabu njema. Kuisema siku inapotunyang'anya tumpendaye ndiyo ibada. Thomasin hakuahidiwa malipo aliposema. Malipo yalimfuata baadaye, na hata yasingemfuata, neno lake lingebaki kuwa la kweli.

Asubuhi iliyofuata alipitia gerezani kwanza. Akainama kwenye kidirisha cha chuma, akasema, "Jana tulishindwa kwa kura moja, Obadia, na aliyetushinda ni mimi." Akamweleza yote, akangoja mpaka alipomsikia akicheka katikati ya kikohozi. Kisha akajifunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akashika njia ya Bunge, akitembea kama mtu anayesubiriwa.