Kapu la Kwanza la Mwanaheri

Hapo zamani, zamani ambayo baadhi yenu mliiona, Singano wa kule Mombo alikuwa na mke, Mwanaheri, na Mwanaheri alikuwa na shamba la nyanya. Kila msimu kapu la kwanza lilikwenda nyumba moja tu, kwa aliyelifaa shamba kuliko wote. Halikugawanywa hata siku moja.

Mwanaheri akafariki. Msimu uliofuata nyanya zikadumaa, mizizi ikajaa vinundu vya minyoo. Singano akawaza kuliacha shamba, na wazo lenyewe likamuumiza, maana ni pale tu alipokuwa bado akimsikia mkewe akicheka.

"Panda karanga, minyoo wafe njaa," alisema mama mkwe wake, Bi Chausiku.

"Mama, mbona karanga za jirani waliziangamiza?"

Singano akang'oa mizizi, akaianika juani siku tatu, kama tuanikavyo mitishamba, akaipeleka maabara. Nakiete, mtaalamu wa minyoo, akasikitika.

"Mzee wangu, minyoo hawa wako namna nyingi, na kwa macho ni walewale. Nawatofautisha kwa vimeng'enya vya mwilini mwao, na jua limeviua. Niletee wabichi."

Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Mwantumu, dada yake Singano, akaifunga mizizi mibichi na udongo wake kwenye majani ya mgomba, akatembea nayo kutwa. Nakiete akawachomoa minyoo majike mizizini kwa sindano, mmoja mmoja, akawaponda, akapitisha umeme kwenye majimaji yao juu ya jeli. Umeme huvipanga vile vimeng'enya kuwa mistari, na minyoo walao karanga huacha miwili. Jeli ya kwanza ikaharibika. Akarudia, siku zake za likizo zikaishia hapo. Mistari ikatokea mitatu.

"Hawa karanga hawazili," akasema.

Singano hakuwa na mbegu za karanga. Bi Chausiku akampa debe lake la mwisho, yeye mwenyewe asipande.

Misimu miwili ya karanga ikapita, nyanya zikarudi. Singano alipochuma kapu la kwanza alilia, kwa harufu ile ya siku za Mwanaheri.

"Kaka, bila miguu yangu minyoo wangefika wamekufa tena," alisema Mwantumu.

"Hata wakifika wazima, bila mimi nani angewajua?" aliuliza Nakiete, aliyekuja kuliona shamba.

Bi Chausiku alisema mwisho, polepole. "Karanga nilizitaja mimi kabla yenu nyote, na mbegu ni zangu. Mwanangu, enzi za uhai wake, aliniletea kapu hilo mara moja tu."

Angekuwepo Mwanaheri, angejua aelekee mlango gani. Singano amesimama na kapu, hajui. Haya, nyinyi mnaonisikiliza: je, nani alistahili?