Firigisi Moja na Gari la Dizeli

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi, ni zamani ya mwaka ule mvua zilipoondoka na daraja, Mama Lugano alikuwa kibarazani kwake huko milimani Rungwe, anapukuchua mahindi. Binti yake mdogo, Tusekile, akaja mbio, ndala mguu mmoja.

"Mama! Lugano kaanguka mparachichini! Mguu umejikunja pasipokunjika!"

Mama Lugano hakupiga yowe. Mjane mwenye watoto watatu hana nafasi ya yowe. Alisukuma ungo pembeni, akakimbia. Alimkuta mwanawe wa kwanza chini ya mti, paja limevimba kama mtungi, midomo imepauka.

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto. Pikipiki haibebi mguu uliofungwa mbao. Kijiji kizima kilikuwa na gari moja, nalo lilikuwa kichekesho.

Gari hilo lilikuwa la shemeji yake, Ambakisye. Alilinunua kwa mwalimu mgeni aliyekuwa anarudi kwao, likiwa vipande ndani ya makasha, la kujiungia mwenyewe nyumbani. Akaliunga bolti kwa bolti mpaka likasimama: jekundu, fupi, zuri kama kikombe cha wageni. Lakini lilikunywa petroli, na petroli ilifuatwa mjini. Lilikwenda kanisani mara mbili, likaegeshwa. Kuku wakaanza kutagia kiti cha nyuma.

Dizeli ndiyo iliyokuwepo, maana mashine ya kusaga ya Bibi Sekela iliitumia. Ambakisye akasema, "Basi gari livue injini ya petroli, livae ya dizeli." Watu wakacheka. Bibi Sekela hakucheka. Alikuwa na injini ya akiba, ya kumwokoa siku injini inayosaga itakapogoma. Akasema, "Ichukue, mwanangu." Haukupita muda, ile inayosaga ikapasuka. Wanawake wakarudi kwenye vinu, wakatwanga huku wanamsema. Bibi Sekela naye akatwanga. Injini yake hakuidai.

Fundi Angolwisye ndiye aliyeoanisha gari na injini. Alichonga bamba la chuma la kushikisha injini ya mashine kwenye giaboksi ya gari, akakosea, akachonga jingine. Injini ikakaa, lakini ikawa ndefu kuliko boneti. Hapo Ambakisye alichukua msumeno akaikata boneti kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemnyoa mtoto mgonjwa. Fundi akafunika tundu kwa bati, akapiga ribiti pande zote.

Ila alisahau kitu kimoja. Injini ya dizeli haina plagi, haina cheche za kukatwa kwa ufunguo. Huzimwa kwa kunyimwa mafuta, na kwa hilo hufungwa waya unaofika kwa dereva. Fundi hakuufunga. Sehemu ya kuzimia ikabaki huko chini ya bati, na gari lilikuwa halijajaribiwa hata siku moja siku Lugano alipoanguka.

Walimlaza nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake. Kuku mmoja akatolewa anapiga kelele. Fundi akazungusha hendeli. Ngu. Ngu. Ngu-ngu-ngu-ngu! Moshi ukajaa, gari zima likatetemeka kama mwenye homa, wakaondoka, Ambakisye kwenye usukani, Fundi kando yake.

Mtoni maji yalikuwa yamefunika mawe ya kivuko. Waliingia. Walipofika katikati maji yakapanda mpaka sakafuni, gari likayumba, na Ambakisye akaingiwa na hofu. Mama Lugano alimwona kwa macho yake: mkono ukaenda kwenye ufunguo, ukauzungusha. Alitaka kuzima, washuke, warudi kwa miguu.

Ngu-ngu-ngu-ngu! Injini haikuzimika. Akazungusha tena. Ngu-ngu-ngu-ngu! Gari likaendelea kutambaa kwa ukaidi wake, likatokea ng'ambo linachuruzika maji.

Kwenye geti la hospitali bado lilinguruma. "Zima basi!" mlinzi akafoka. Fundi akapapasa, akapapasa tena, akajishika kichwa. "Mama Lugano, nazimia wapi mie? Nipe kitenge!" Akamvua kile cha juu, akakisokomeza penye tundu la kuvutia hewa. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Daktari alisema damu ilikuwa inavujia ndani ya paja. Wangechelewa kidogo tu, wangeleta maiti.

Lugano alipotolewa, anatembelea magongo, Mama Lugano alichinja kuku, akawaita Ambakisye, Bibi Sekela na Fundi. Hakuwa mtu wa hotuba. Asante yake ilikuwa chunguni. Na katika nyumba hiyo, tangu enzi za mama mkwe wake, firigisi haikatwi. Hupewa mtu mmoja, aliyeheshimiwa kuliko wote siku hiyo. Ukiikata, umeikata na shukrani yenyewe.

Ambakisye akaiona chunguni, akakohoa. "Shemeji, bila gari, injini ingemfikisha wapi? Miaka yote hiyo mnanicheka. Na boneti nimeikata mimi, kwa mkono huu."

"Bila injini," akasema Bibi Sekela, "gari lako lilikuwa banda la kuku. Hata huyu tunayemla alitotolewa kwenye kiti chako! Mimi natwanga mpaka leo, mwanangu. Tazama viganja."

Fundi Angolwisye akacheka. "Bila mimi mngekuwa na injini huku, gari kule. Halafu, Amba, sema kweli mbele ya wakubwa. Katikati ya mto nani alizungusha ufunguo?"

Ambakisye akainama. "Mkono ulizoea."

"Waya ungekuwepo, usingeuvuta?"

"Ningeuvuta kwa mikono miwili."

"Haya! Maji yangetubeba sote. Kusahau kwangu ndiko kulikomvusha mtoto."

"Ala! Sasa unataka uheshimiwe kwa kusahau?" Bibi Sekela akapiga makofi. "Basi na kuku apewe, naye alisahau mayai yake humo ndani!"

Wote wakacheka, hata Lugano, mpaka akashika paja.

Mama Lugano aliinua chungu kwa kile kitenge, bado kina doa jeusi la mafuta, akakiweka katikati. Akahesabu kama anavyohesabu kila jioni. Lugano yupo, mguu juu ya kigoda. Tusekile yupo. Asajile, mwanawe mwingine, yupo, keshaanza kumega ugali. Shemeji yupo, Bibi yupo, Fundi yupo. Hakuna aliyepungua.

Akachota firigisi. Kila mmoja akatazama sahani yake kana kwamba hatazami.

Nanyi mnaosikiliza, msinyamaze. Upawa uko hewani, ugali unapoa. Aliyetoa gari akalikata, aliyetoa injini akabaki na mchi, na aliyeunganisha vyote akasahau waya: je, firigisi aiweke sahani ya nani?