Pumzi ya Fundi Bitariho

Ukigombana na maji, pumzi inayokwisha ni yako.

Vijana waliyasikia maneno hayo matangani, wakamuuliza Bibi Anyesi yalikotoka. Bibi aliweka kando ungo wa dagaa, akawaambia kwamba methali hii ilianzia hapa hapa kijijini, kando ya Ziwa Tanganyika, na ilianza hivi.

Palikuwa na seremala aliyeitwa Bitariho. Mkewe, Yusta, alipanda boti kwenda mnadani, na upepo ukaipindua karibu kabisa na nchi kavu. Boti ilizama ikakwama juu ya ngazi ya mwamba. Kupita hapo, ziwa linaporomoka, hakuna ajuaye mwisho wake. Kiyungi, aliyezoea kuzamia samaki wa mapambo, alishuka akawatoa waliokufa. Yusta hakuwamo.

Bitariho hakukubali. Alikataza matanga yasiwekwe, akamwendea Kiyungi.

"Nifundishe kuzama. Nitamtafuta mwenyewe."

Kiyungi alimtazama, akashindwa kumnyima.

Walianzia maji ya kiunoni. Bitariho alivikwa miwani ya kuzamia, inayofunika macho na pua, akafungwa mtungi wa hewa mgongoni, akaonyeshwa namna ya kuvuta pumzi kwa mdomo. Kila alipoinamisha kichwa, kifua kilibana. Maji kidogo yakiingia kwenye miwani, aling'oa kila kitu usoni, akaibuka akikohoa. Siku nyingi zilipita hivyo. Watu walizoea kumwona amekaa mchangani, amelowa, anatetemeka, haongei na mtu. Kazi yake ya milango ililala. Usiku ndotoni alimwona Yusta akimwita, naye hawezi hata kuzamisha uso.

Mwishowe aliuvua mtungi, akauweka chini.

"Basi, Kiyungi. Mimi sifai kitu."

Kiyungi akaketi karibu naye. "Fundi, ukiwa mle majini unafanya nini?"

"Nayachukia maji haya. Yamenilia mke."

"Nilidhani hivyo. Unapiga mateke, unavuta hewa kama mtu anayekimbizwa. Mtungi unaonitosha mimi kuzunguka mwamba mzima, wewe unaumaliza papa hapa, maji ya kiunoni. Na ziwa halijui kama umelikasirikia."

Bitariho akauvaa tena mtungi. Hakuwa amepata ujasiri. Alikuwa amechoka tu. Alizamisha uso. Maji yakaingia kwenye miwani, akayaacha. Akatoa pumzi polepole kwa pua, kama alivyofundishwa, pumzi ikayasukuma maji nje, na miwani ikawa kavu. Akavuta nyingine, ndefu. Kwa mara ya kwanza aliuona mchanga wa chini, na vidagaa vikipita bila kumjali.

Tangu hapo walikwenda kina zaidi, kidogo kidogo. Masikio yakimbana, alisimama, akaziba pua, akapuliza taratibu, ndipo akaendelea. Asubuhi moja walifika kwenye boti. Ililala ubavu, mbao zake zimeshaota utelezi. Bitariho alipapasa kila pembe. Haikuwa na mtu.

Akasogea ukingoni mwa mwamba. Chini yake palikuwa na weusi mtupu. Alijua kwamba hewa iliyobaki ingemtosha kushuka, isingemtosha kurudi. Akakaa pale, anavuta, anatoa. Kiyungi hakumshika, alikaa tu ubavuni mwake, akimsubiri. Kisha Bitariho akageuka, wakapanda pamoja polepole.

Mama mkwe wake alikuwa amesimama ufukweni.

"Umemwona?"

"Hayupo, mama. Amekwenda kusikofikika."

Mama yule aliingia ziwani na nguo zake, akayapiga maji kwa mikono, akayalaani, akapiga tena mpaka sauti ikamkauka, akaanza kutweta. Bitariho alimfuata, akamkumbatia kwa nyuma.

"Nimeyapiga mimi kabla yako, mama," akasema. "Ukigombana na maji, pumzi inayokwisha ni yako."

Jioni hiyo aliruhusu matanga yawekwe. Hapakuwa na kaburi la kuchimba. Wanawake walimlilia Yusta hadi asubuhi, na Bitariho, ambaye hakuwa amelia tangu boti izame, alilia nao.

Bibi Anyesi aliuvuta tena ungo wake wa dagaa. Maneno ambayo mwanzo vijana waliyadhani ya waogeleaji, sasa waliyajua ni ya wafiwa: ukigombana na maji, pumzi inayokwisha ni yako.