Jicho la Kula na Jicho la Kulinda

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walipiga hodi mlangoni na kuulizana habari za nyumbani, paliishi kwale mmoja jina lake Chekeche. Kimwili alikuwa mdogo, na kichwa chake hakikuzidi ndimu. Lakini kichwa hicho, jamani! Alikijivunia kama mwingine anavyojivunia nyumba ya bati.

Aliitwa Chekeche kwa sababu alijua kuchekecha. Mwaga mtama kwenye kokoto, yeye ataokota mtama, ko! ko! ko! na kokoto zote ataziacha palepale. Na huku akila, Mwewe akitokeza tu angani, Chekeche keshamwona.

"Kererere! Kererere!"

Hapo sungura huyo shimoni! Panya huyo chini ya jiwe! Digidigi huyo kichakani! Bonde zima lilipona kwa sauti yake.

Sasa, Mwewe na Fisi walikuwa washirika wa kuwinda. Mmoja juu, mmoja chini. Kwa ajili ya kelele za Chekeche, wote wawili walilala njaa.

"Yule kwale akifa, bonde ni letu," alisema Fisi.

"Kila nikishuka ananiona," akalalamika Mwewe. "Anakula huku ananiona! Kichwani mwake mna nini?"

"Niachie mimi. Nitakwenda kumuuliza mwenyewe."

Mwewe akacheka. "Akwambie?"

"Anajisifu yule. Wanaojisifu husema kila kitu."

Asubuhi hiyohiyo Chekeche alikuwa uani akiwafundisha vifaranga wake. Mkubwa wao, Punje, alikuwa mdadisi kupindukia.

"Mama, unawezaje kula na kulinda kwa wakati mmoja?"

"Njoo hapa." Chekeche akamziba jicho la kulia kwa bawa lake. "Haya, kula."

Punje akadonoa. Ko! "Aa! Jiwe!" Ko! "Jiwe tena, mama!"

"Sasa nakuziba la kushoto. Kula."

Ko! ko! ko! Mtama mtupu! Punje akafurahi, akala mbio mbio. Chekeche akarusha jani kavu upande wa kushoto wa kichwa cha mtoto. Likapita, fuuu! Punje wala hakushtuka.

"Umeliona lile jani?"

"Jani gani?"

"Lingekuwa Mwewe, mwanangu, sasa hivi ningekuwa matangani."

Punje akasogea karibu. Chekeche akamweleza taratibu. Ndani ya kichwa mna ubongo, na ubongo una pande mbili, kama kunde iliyopasuliwa katikati. Kwa ndege, jicho la kulia hupeleka habari upande wa kushoto, na upande huo ni hodari wa kutenganisha punje na kokoto. Jicho la kushoto hupeleka habari upande wa kulia, na huo ni hodari wa kushtukia adui. Kila upande una kazi yake, na pande zote mbili husemezana.

"Kumbe kichwani mwangu tumo wawili!" akasema Punje.

"Umo mmoja, mwenye wafanyakazi wawili. Tembea kifua mbele!"

Mara mlangoni: "Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu!"

Akaingia Fisi, amejipaka mafuta, anatabasamu meno yote nje.

"Shikamoo, mjomba," wakaamkia vifaranga.

"Marahaba, wajomba zangu. Mmenona, mashaallah."

Chekeche akampa kigoda na kata ya togwa. Fisi akanywa, gubu! gubu! akajifuta mdomo.

"Dada Chekeche, sifa zako zimejaa bondeni. Unakula huku unalinda! Mimi nina kichwa kikubwa kama mtungi, nikila sioni hata mkia wangu. Hebu nifundishe, dada."

Chekeche akageuza kichwa, akamtazama kwa jicho la kushoto. Akaona mate yanadondoka, tii, tii, na macho yanawahesabu watoto wake. Lakini akanyoosha shingo, akatabasamu.

"Ah, kaka, jambo dogo! Jicho langu la kushoto ni la kula. La kulia ndilo la kulinda. Anayetoka kushoto, wala simwoni."

"Lakini mama," Punje akaruka, "si ulisema—"

"Punje! Wakubwa wakizungumza, mtoto anafanya nini?"

"Ananyamaza, mama."

Fisi alitoka mbio hata togwa hakumaliza. Punje akamvaa mama yake. "Umekosea! Umegeuza!"

"Sijakosea. Nimemgeuzia yeye."

Kesho yake jua lilipopanda, Chekeche alikwenda kula kwenye kokoto. Vifaranga aliwaficha ndani. Mara Fisi huyo, akaja kusimama upande wake wa kulia, karibu kabisa, ili alishughulishe lile jicho analodhani ndilo la kulinda.

"Habari za asubuhi, dada? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, kaka." Ko! ko! ko!

"Nitazame basi tukizungumza!"

"Nakusikia, kaka. Endelea." Ko! ko!

Juu kabisa, upande wa kushoto, Mwewe alikuwa amekunja mabawa. Akajiachia. Vuuuuu! Alikuja kama jiwe lililorushwa kwa teo. Fisi akaona kivuli, akaanza kulamba midomo.

Chekeche alikuwa amemwona tangu alipokuwa nukta. Mwili ulitaka kukimbia, lakini akaulazimisha utulie. Ko! ko! Subiri. Ko! Subiri...

"Kererereee!" Akaruka kando.

Mwewe hakuweza kujizuia. Pwaa! Makucha yote yakazama kwenye pua ya Fisi.

"Uwiii! Pua yangu! Niachie!"

"Siwezi, nimenasa! Ulisema atokaye kushoto haonekani!"

"Ndivyo alivyoniambia!"

"Nawe ukaamini, kichwa mtungi wewe!"

Walibiringishana kokotoni, manyoya huku, mabonge ya udongo kule, hadi Mwewe akachomoka na mkia nusu. Fisi akatimka akishika pua, na ushirika wao ukavunjika hapohapo.

Sungura akatoka shimoni, panya chini ya jiwe, digidigi kichakani. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Chekeche akapanda juu ya kichuguu, kifua mbele, shingo juu, akawatazama wote kwa jicho hili na kisha kwa lile. Punje akatoka ndani, akakimbia mbele ya wote akipiga mabawa:

"Huyo ni mama yangu! Mnamwona? Ni mama yangu huyo!"

Nami nawaachia hapo, wanangu, na fundisho lenu ni hili: kichwa kidogo kinachojua kugawa kazi zake hakishindwi na makucha makubwa.