Mselemu na Kuni za Ng'ambo

Kaeni vizuri, enyi mlio na masikio, maana haya si ya kusikiliza huku mnachambua mchele. Mji wa Kandarani ulitawaliwa na Sultani Nabhani bin Ghalibu, mfalme mwenye insafu, na utajiri wa mji ule haukuwa dhahabu wala lulu bali msitu wa misandali ulioukumbatia pande zote, na harufu yake ilimpokea mgeni angali yuko safari ya nusu siku, na kila nyumba, ya tajiri na ya fakiri, ilikula kwa misandali hiyo. Msitu huo ulilindwa na jini Kharbashi, aliyefungwa kwa ahadi na babu yake Sultani, naye ndiye aliyewafukuza dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mti na kuutafuna kwa ndani mpaka ubaki ganda, akawatupa ng'ambo ya mto Wadihari. Na sharti la jini lilikuwa moja tu, kwamba kuni zichomwe huko huko zilikokatwa. Mtu wa Kandarani anunue kuni zilizokatwa pale inaposikika adhana ya Kandarani, na kuni za ng'ambo zisivuke mto, hata kijiti cha kuchokolea meno.

Basi humo mjini alikuwako mpishi wa harusi jina lake Mselemu, na pilau yake ilisifiwa hata barazani kwa Sultani, wala sitii chumvi nikisema kwamba watu waliahirisha harusi wakisikia Mselemu ana homa. Mzaliwa wa ng'ambo huyu, kijiji cha Shungi, na watu wa Shungi wana ada yao: baba wa bibi harusi huleta mwenyewe kuni za kupikia walima kutoka shamba la wazee wake, na akizinunua, huambiwa hana kwao. Ada hiyo Mselemu aliificha moyoni miaka yote aliyopikia harusi za wengine kwa kuni za sokoni. Lakini sasa binti yake wa pekee, Zuwena, alikuwa ameposwa na Hamdani, kijana mtunza misandali, na harusi ilikuwa baada ya mwezi mmoja.

Akapita sokoni siku hiyo, na Bi Mosi, mjane aliyeuza kuni pale tangu ujana wake, akamwita kwa bashasha, "Mselemu mwanangu, kuni za harusi ya Zuwena niachie mimi. Nimekuwekea za mwarobaini, zimekauka zinalia."

Mselemu akajibu mbele za watu, "Mama, kuni zako ni za kuchemshia maji ya kunawia miguu. Huyu ni mwanangu wa pekee."

Watu wakacheka, na Bi Mosi akainama akajifanya anafunga kamba ya mzigo.

Basi Mselemu akavuka mto kwenda Shungi kuwaalika jamaa zake, na kaka yake Kibwana akamkatia magogo saba ya mkwaju kutoka shamba la marehemu baba yao. Mselemu akayaviringisha ndani ya mkeka mpya wa harusi, akaufunga kwa kitambaa cha hariri, akarudi alasiri na mapema. Na kwenye lango la mji alikaa kasuku mweupe wa Sultani, aliyemuuliza kila aingiaye, na yeyote ambaye sauti yake ilitetemeka, askari walimpekua mpaka kwenye kilemba. Kasuku akasema, "Umechukua nini?" Mselemu akajibu, "Mkeka wa harusi ya mwanangu," na sauti yake haikutetemeka, maana alizoea kusema na wakubwa. Kasuku akainamisha kichwa kwa adabu na kusema, "Pita, muungwana. Mola aifanye harusi ya kheri."

Mselemu akapita, na masikio yakamwaka moto. Laiti wangalimtukana, angalikasirika na mambo yakaisha. Akajiambia kwamba ni magogo saba tu, yatachomwa siku ya walima yawe majivu, na nani atajua. Akayapanga bandani nyuma ya jiko.

Siku ya kumi akaona unga mweupe umemwagika chini ya magogo, na vitobo vimeenea kwenye maganda, kila kimoja kama tundu la sindano ya kushonea magunia. Alijua ni nini. Nawaambieni alijua, msimtafutie udhuru. Akachukua ufagio akaufagia ule unga, akayachoma magogo yote saba asubuhi ile ile, lakini alipoyapasua kwanza kwa shoka aliyakuta ndani ni matupu. Waliokuwamo walikwisha ruka.

Hazikupita wiki mbili misandali ikaanza kukauka kutoka kileleni. Hamdani akaja nyumbani, macho mekundu, akaketi barazani na kusema, "Baba, mti alioniachia marehemu baba yangu umekufa, na mingine arubaini inakufa. Bila miti sina cha kumlishia Zuwena. Naomba harusi isimame." Na Mselemu akasema, "Pole, mwanangu," na akaangalia viatu vya kijana yule mpaka kijana akaondoka. Zuwena alikuwa akisikiliza nyuma ya pazia. Akaenda kulikunja vazi la harusi na kulirudisha sandukuni.

Mji ukataka mtu wa kulaumiwa, na nani anauza kuni kama si Bi Mosi? Askari wakaipekua mizigo yake wakakuta dumuzi, maana wadudu wale walikwisha enea kila penye mti, na hiyo ikawa hoja ya kutosha. Ikatangazwa kwamba Ijumaa baada ya sala atatolewa mjini, avushwe mto, asirudi maisha yake yote.

Ijumaa ikafika na watu wakajaa uwanjani mbele ya kasri, na Mselemu yumo, na Zuwena yumo miongoni mwa wanawake. Bi Mosi akasimamishwa, akasema kwa sauti ndogo, "Maulana, miaka thelathini nauza kuni za hapa. Cha ng'ambo sijakishika. Lakini sina shahidi, na uzee huu si wa kuhama."

Mselemu alitaka kunyamaza. Aibu ilimvuta pande mbili, aibu ya kusema na aibu ya kutosema, na ile ya pili ikamzidi nguvu. Akasogea mbele, akapiga magoti. "Maulana, ni mimi. Nilivusha gogo moja la mkwaju."

Moja, alisema. Mnamsikia?

Papo hapo moshi wa chetezo cha Sultani ukajikusanya ukawa Kharbashi, urefu wake sawa na mnara, na mfuko wa ngozi begani. Akasema, "Ewe Sultani, mwana wa mwana wa bwana wangu, ahadi yangu ni hii: wadudu naweza kuwakusanya, lakini kwa ulimi wa aliyewaleta, na kwa kadiri atakavyosema." Akapiga makofi, na kutoka msituni wakaja dumuzi wingu zima, wakaingia mfukoni, na watu wakahimidi. Kisha jini akaweka sikio kwenye msandali ulio karibu na kasri na kusema, "Humu bado wanatafuna."

Mselemu akasema, "Yalikuwa mawili." Likaja wingu jingine. Jini akasikiliza. "Bado." Akasema matatu. Bado. Akasema manne, na safari hii watu walianza kunong'ona, na wengine kuguna, na wale waliokula pilau yake wakageuza nyuso zao. Akasema matano, na jasho likamchuruzika mgongoni, na bado hakuweza kuifikia hesabu yenyewe.

Ndipo Zuwena akatoka katikati ya wanawake, akaja akasimama mbele yake. "Baba," akasema, "yalikuwa mangapi?"

"Saba, mwanangu."

Dumuzi wakaja, lakini jini akatikisa kichwa. "Wamebaki wachache, nao wanasubiri kusikia waliingiaje."

"Niliyaviringisha katika mkeka wako wa harusi," Mselemu akamwambia binti yake, akilia kama watu waliaovyo msibani, "nikamwambia kasuku ni mkeka tu. Niliona haya nisije nikasemwa kwamba nimenunua kuni. Nikamdharau mama huyu mbele za watu, na juzi nikamwona anakamatwa nikafunga dirisha."

Dumuzi wa mwisho wakatoka, na jini akaufunga mfuko na kuuvusha mto. Zuwena akaenda kwa Bi Mosi, akamshika mkono, akampeleka kivulini.

Sultani akahukumu kwa insafu. Mselemu apande miche ya misandali mahali pa kila mti uliokufa, ainyweshe kwa mikono yake chini ya amri ya Hamdani, na asipike harusi ya mtu mpaka miche ishike. Na Bi Mosi akavishwa joho, akapewa nyumba ya mawe karibu na soko, akafanywa mkuu wa kuni zote za mji, na Sultani mwenyewe akamwomba radhi. Miche ikashika kwa miezi minane, na Hamdani, aliyemwona mkwewe akiteka maji kila alfajiri bila kunung'unika, akaja kuomba harusi irudi.

Mselemu akaenda kwa Bi Mosi kununua kuni. Bibi yule akamchagulia zilizokauka, akapokea malipo kama anayopokea kwa yeyote, akamgeukia mteja mwingine. Hakumsema, wala hakumchekea, na Mselemu akaubeba mzigo mwenyewe mpaka nyumbani.

Harusi ikafana, na Zuwena na Hamdani wakajaaliwa mali na watoto. Jamaa wa Shungi walikuja siku ile, na wakati masinia yamejaa na watu wanakula, Kibwana akapaza sauti mbele ya wageni wote, "Mdogo wangu, pilau imekuja safi. Kuni umezitoa wapi?"

Mselemu alisimama na mwiko mkononi. Uso wake ukawaka, na angeweza kusema lolote.

"Nimenunua," akasema. "Hapa hapa mjini, kwa Bi Mosi."

Kibwana akatazama sinia, akaendelea kula polepole. Na Mselemu akarudi jikoni kupakua.

Nami niliyewapa haya naondoka nikiwaachia mawili tu. Mkihitaji moto, nunueni kuni za pale mlipo. Na mkikosea, semeni kosa zima kwa mara moja, kwani Mselemu alilisema nusu nusu, na kila nusu akaionea haya upya.