Ndoo Mbili za Tumirah

"Hiyo si mashine ya kufulia, wifi. Hizo ni ndoo mbili zilizooana!"

"Ziache zioane. Hazijakuomba mahari."

"Utatuaibisha! Watu siku hizi wanafungua mlango wa kioo, wanatupia nguo, wanakaa. Wewe unataka kuhamisha nguo kwa mkono, pipa hili mpaka pipa lile!"

Walikuwa katikati ya duka, mjini Klaten, na muuzaji alishajibanza nyuma ya mafriji. Aliyeyatukana mapipa ni Retno, aliyerudi kutoka jiji la Surabaya na maneno mengi kuliko mizigo. Aliyemjibu ni Tumirah, mke wa kaka yake. Nyumba zao zimepakana, kisima chao kimoja.

Tumirah hakuwa anatafuta pambo. Miaka kumi na mmoja, kila Idi ikikaribia, yeye ndiye aliyefua mukena zote za msikiti wao, yale mavazi meupe ya wanawake ya kusalia. Kwa mikono. Pale kijijini hakuwa na heshima nyingine zaidi ya hiyo. Sasa vifundo vya mikono vinawaka moto, hata kikombe kinamshinda, na Retno alishamwendea Bi Sukinah, mkuu wa wanawake wa msikiti, kuiomba kazi. Bi Sukinah akakata shauri: ishirini huku, ishirini kule. Atakayetangulia kuwa na zake safi na kavu, kabla ya adhuhuri, kazi ni yake moja kwa moja.

"Hii ya kioo inakula umeme kiasi gani?" Tumirah akamuuliza muuzaji.

"Makubwa! Unanunua mashine au unafuga ng'ombe?" Retno alicheka mpaka akashika ukuta.

Muuzaji akataja kiasi. Tumirah akatingisha kichwa, akaonyesha kidole mapipa mawili. Retno akabeba ya kioo.

Siku mbili kabla ya Idi, jua lilipochomoza tu, Retno aliiwasha yake barazani, wapita njia wapate kuona. Iling'aa kama jino la dhahabu. Akabonyeza kitufe cha maji moto ili mukena ziwe nyeupe pe, akavuta kiti.

"Wifi, ukichoka njoo upumzike huku!"

Tumirah alikuwa ameinamia mapipa yake. Alishajaza maji ya kisima tangu alfajiri, pampu akaizima isije ikagombea umeme na mashine. Pipa la kwanza likazungusha robo saa. Akahamishia nguo pipa la pili, likakamua kwa kelele kama bajaji mbovu. Maji ya sabuni hakuyamwaga, akatumbukizia fungu la pili.

Njeglek!

Mlio huo kila mtu kijijini anaujua. Ni swichi kuu ya umeme ikishuka, maana nyumba za pale zimepewa umeme kiduchu, ukizidisha, inakata. Retno akaipandisha. Mashine ikaanza tena kuchemsha maji. Njeglek! Akapandisha. Njeglek! Mara ya tano akaupiga mlango wa kioo teke. Mlango haukufunguka. Mashine ina maji ndani, mlango umejifunga wenyewe, na mukena ishirini zinaelea nyuma ya kioo kama samaki wa kufugwa.

"Funguka, mwanaharamu!"

"Retno, umefunga," jirani akamkumbusha kutoka njiani. "Chunga ulimi."

Saa tano, kamba ya Tumirah ilikuwa nyeupe mwanzo mpaka mwisho. Mikono haikumuuma hata kidogo. Alitaka kucheka, akataka kulia, akaishia kukunja nguo.

Bi Sukinah alifika kabla ya adhana. Akashika mukena moja, akainusa, akaiweka shavuni. Kavu. Akageukia baraza la Retno, akainama mbele ya kioo, akachungulia muda mrefu.

"Hizi zimekuja kuogelea?"

Wanawake waliofuatana naye wakaangua kicheko. Bi Sukinah akamshika Tumirah mkono, taratibu, pale pale penye kifundo. "Kazi ni yako, mwanangu. Mpaka wewe mwenyewe useme basi."

Retno akasogea, sauti imeshuka. "Wifi, nisaidie kuufungua huu mlango."

"Nisamehe, wifi. Mimi najua ndoo mbili tu, na ndoo hazina mlango."

Tumirah akaweka kapu la mukena nyongani, akageuka, akaelekea msikitini, hakutazama nyuma. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.