Nyumba ya Kutuliza Mioyo na Safari ya Bi Zaituni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika na kutandika mikeka, wazee walikutana barazani asubuhi moja ya ukungu. Nitawataja waliokuwapo, msije mkawachanganya. Tembo, jina lake Mzee Makame, alikaa mbele. Nyati, Mzee Shomari, alikaa kulia kwake. Kiboko, Bi Tatu, alikuja na maji yake ndani ya beseni. Na Pimbi, kijana mdogo aitwaye Chande, alikuja bila kualikwa.

Walikaa mbele ya Nyumba ya Kutuliza Mioyo. Wazee waliijenga kwa ajili ya watoto waliokosa usingizi tangu mto ulipofurika. Ndani mlikuwa na asali, na ngoma iliyopigwa kutwa, ti-ndi, ti-ndi, ili watoto wachangamke. Hata mtoto mmoja hakuingia.

"Watoto hawa hawana shukrani," alisema Nyati.

"Mliwauliza wanataka nini?" aliuliza Pimbi.

"Tangu lini mtoto akaulizwa? Nenda kacheze."

Pimbi hakwenda kucheza. Alikwenda kivukoni, alikokaa rafiki yake Siwema, binti wa Paa. Siwema alishinda pale, masikio yamesimama, akimngoja mama yake. Alikuwa hali wala halali. Kivuli chake juu ya maji kilikuwa chembamba kama unyasi, na Pimbi aliogopa kwamba siku moja atakuja akute maji matupu.

Wazee walimwambia Siwema kwamba mama yake, Bi Zaituni, amesafiri. Ndivyo walivyowaambia watoto wote waliowangoja wazazi kama yeye, kwa huruma.

Basi Pimbi akamwendea kila mzee nyumbani kwake, mmoja mmoja.

"Babu, Bi Zaituni alishika njia gani?"

"Ya milimani," alisema Tembo, akitazama pembeni.

"Ya msituni," alisema Nyati, akitafuna upesi upesi.

"Ya pwani, mjukuu wangu, kwa dada yake," alisema Kiboko, kisha akazama, chubwi.

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito, na miti ilionekana kama inaelea. Pimbi alitokea barazani na Siwema, wamebeba vifurushi vitatu.

"Tumekuja kuaga, wazee wetu. Tunamfuata Bi Zaituni. Kifurushi hiki cha milimani, hiki cha pwani, na hiki cha msituni. Tunaanza na msituni, kwa Chui."

"Hamwendi popote," alisema Nyati.

"Kwa nini, babu? Si wewe uliyenielekeza?"

Kiboko akamgeukia Nyati. "Ulimwambia msituni? Mimi nilisema pwani."

"Na mimi milimani," alisema Tembo polepole.

"Bi Zaituni alikuwa mmoja," alisema Pimbi, "nanyi mmemwondosha kwa njia tatu. Basi sisi tutazipita zote, mpaka tumwone. Au mna neno jingine?"

Ngoma iliendelea, ti-ndi, ti-ndi.

"Naomba ngoma inyamaze," alisema Siwema. Ilikuwa mara ya kwanza wazee kuisikia sauti yake tangu mafuriko. "Ikilia, sisikii kama mama anavuka."

Ngoma ikanyamaza. Palisikika umande tu, ukidondoka kutoka majanini, to, to, to.

Tembo akapiga magoti, ndi, akainamisha kichwa mpaka macho yao yakalingana.

"Siwema, mwanangu, tulikujengea nyumba bila kukuuliza. Unataka tukufanyie nini?"

"Nataka kujua kama niendelee kumngoja."

Wajukuu zangu, anayetaka kumtuliza mtoto amuulize kwanza, kisha amjibu kweli.

Tembo akamjibu.

"Usimngoje. Mama yako alikufa siku ya mafuriko."